Kiraka Kwenye Tangi la Bishar

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kofia wala buti. Nilipewa tochi ndogo na kitambaa cha pamba, nikaonyeshwa benchi lenye matangi kumi na mawili ya chuma, nikaambiwa nifute kila moja na nikiona alama yoyote niseme. Nilifuta tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mikono iliuma, matangi yakang'aa, na mimi nikajiona nimeshakuwa fundi. Kisha akaja Mkuu wa Vifaa, Mtaita mmoja mfupi aliyekuwa amefanya kazi ya kuzamia bandarini miaka mingi kabla ya kuletwa huku kwetu kwenye vumbi. Alichukua tangi la tatu, akalipindua kitako juu, akamulika. Palikuwa na kutu ya ukubwa wa punje ya mtama.

"Hili umelifuta?"

"Nimelifuta, bwana mkuu."

"Kufuta naona umefuta. Kuangalia je?"

Akaniambia nianze upya. Jioni, tukifunga mlango wa stoo, ndipo aliponipa kanuni ambayo baadaye niliwafundisha vijana wengi: "Usijaze hewa kwenye kitu ambacho hujakiona chote." Naiandika hapa mwanzoni kwa sababu yote yatakayofuata yanatokana nayo, na kwa sababu mimi mwenyewe niliivunja.

Kikosi chetu kilikuwa cha uokoaji. Kilianzishwa Garissa na shirika ambalo sitalitaja. Tulizima moto sokoni, hasa kwenye maduka ya magodoro na vibanda vya mafuta, ambako moshi humwangusha mtu kabla moto haujamfikia. Lakini kazi iliyotutambulisha ilikuwa ya visima. Ukame ukikaza watu huchimba zaidi, na maji yakiwa mbali huteremsha mashine ya kuvuta maji humo humo ndani ya kisima. Moshi wa mashine hauna pa kwenda. Mtu hushuka kuiangalia, harudi. Ndugu yake humfuata, naye harudi. Nimewahi kufika kwenye kisima kimoja upande wa Tarbaj nikakuta majina matatu yanaitwa kwa zamu, na hakuna anayejibu kutoka chini.

Sisi tulishuka na hewa yetu mgongoni. Hewa hiyo husukumwa ndani ya tangi kwa mashine iitwayo kompresa, na kipimo cha msukumo wake ni bar. Gurudumu la gari dogo lina bar mbili na kitu. Tangi letu lilijazwa hadi bar mia tatu. Vijana wengi nikiwaambia hivyo hutikisa kichwa kwa adabu tu, kwa hiyo nikawa nawaambia hivi: kitu kilichojazwa hivyo si chombo cha hewa tena, ni baruti, na unaivaa mgongoni.

Nilikaa Garissa miaka minne. Halafu nikapelekwa kusimamia vifaa Habaswein, kituo kidogo kando ya barabara ya Wajir, chini ya Mkuu wa Kituo aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuja kwetu. Huko ndiko matangi ya kaboni yalikotukuta. Yalikuja manne, meusi, mepesi kiasi kwamba dereva wetu alinyanyua mawili kwa mkono mmoja akasema, "Wallahi hii ni tupu, wametuletea tupu." Yalikuwa tupu kweli, lakini hata yakijaa uzito hauzidi sana. Kwa mtu anayeshuka kwenye kisima chembamba kwa kamba, hiyo ilikuwa rehema.

Pamoja nayo alikuja Mwalimu wa Mafunzo kutoka Nairobi. Alikata tangi kuukuu katikati kwa msumeno akatuonyesha ndani. Kwanza kuna kopo la aluminiamu, jembamba, la kuzuia hewa isivuje tu. Nguvu haimo humo. Nguvu imo kwenye nyuzi nyeusi za kaboni zilizozungushwa juu yake mamia ya mara, zikalowekwa gundi, zikaokwa. Juu kabisa kuna nyuzi za kioo, ngozi ya kukinga mikwaruzo. Tangi la chuma likigongwa hubonyea, likiliwa na kutu huonekana. La kaboni linaweza kugongwa na lisibonyee hata kidogo, huku ndani nyuzi zimekatika.

"Pitisha ukucha kwenye mkwaruzo," alisema. "Ukiona nyuzi nyeusi zimeguswa, tangi hilo limekufa. Halifungwi, halipakwi gundi, halirekebishwi. Linakatwa kwa msumeno ili asije mtu mwingine akalijaza."

Wenzangu hawakuelewa vizuri habari za kaboni. Mimi nilitaka kusaidia. Nikasema, "Hii ni haan tu, jamani." Haan ni chombo cha maziwa cha kwetu, kinachosukwa na wanawake kwa nyuzi za mizizi na maganda ya miti, kikakaza hadi tone lisipite. Wote wakasema aah, wakacheka, wakaelewa mara moja. Nimejuta mfano huo maisha yangu yote. Haan ikipasuka haitupwi. Mwenyewe huketi, akalaza nyuzi zilizovunjika kwa kidole kilicholoweshwa, akashona juu yake, na ile haan ikarudi kazini. Mama yetu alikuwa na moja yenye viraka vitano, na wageni waliisifu kuliko mpya.

Kati ya wenzangu alikuwamo Bishar. Nimemtaja jina, wakubwa wangu nimewataja kwa vyeo, kwa sababu wakubwa walikuja wakaondoka lakini Bishar alikuwa wetu. Mwembamba, mcheshi, mvivu wa kuandika ripoti. Hakuna aliyeshuka kisimani vizuri kama yeye. Alimwoa dada yangu mdogo, Halima, mwaka wa pili wa kituo hicho, na tangu siku hiyo hakuniita tena kwa cheo. Aliniita seedi, yaani shemeji, hata mbele ya Mkuu wa Kituo, na hata nilipomkaripia.

Halima alikuwa msusi wa haan. Alipoona tangi la mumewe limeanza kukwaruzwa na miiba na mchanga, alipima kwa kamba, akakaa kimya wiki nzima, akatoka na mfuko uliosukwa kulikaa tangi sawasawa. Ulifunika kila kitu isipokuwa valvu, yaani koki ya juu. Haukuwa na kifungo. Aliushonea papo hapo juu ya tangi ili usicheze. Mkuu wa Kituo aliugeuza geuza akasema, "Huyu mama angefanya kazi kiwandani." Bishar alilivaa akatembea uani kama bwana harusi.

Sikuukataa. Ulikuwa unakinga kweli. Lakini kila tangi hutakiwa kuangaliwa lote kabla ya kujazwa, basi mara ya kwanza nilichukua kisu nikakata mshono, nikauvua mfuko, nikaangalia, nikajaza. Halima alishona upya siku mbili. Mara ya pili nikakata tena. Alikuja kituoni mwenyewe, ameshika nyuzi zilizokatwa.

"Abowe," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita, kaka mkubwa, "mbuzi wakila kazi yangu nawafukuza. Wewe nikufanye nini?"

Alisema kwa utani, lakini vidole vyake vilikuwa na vidonda vya sindano. Tukaelewana nikate kila baada ya miezi mitatu. Siku za katikati nipapase kwa mkono. Ikawa miezi mitatu, ikawa minne, ikawa ninapopata nafasi. Sikuketi nikaamua kuvunja kanuni. Niliona haya kuharibu kazi ya dada yangu, basi.

Baadaye mimi na Bishar tulihamishwa pamoja, na matangi yetu, hadi Hulugho, karibu na mpaka wa Somalia. Mkuu wa huko alikuwa ametoka jeshini, mtu wa maneno machache. Siku tuliporipoti alitupanga mstari akasema, "Kituo hiki kina seti nne za hewa. Zikipungua nne, makao makuu watakifunga, na watu wa visima hivi watabaki na kamba zao. Mmenielewa?" Tulimwelewa, na Bishar alimwelewa kuliko sisi.

Mwezi wa tano wetu hapo tuliitwa kwenye kisima kimoja nje ya mji. Mzee mmoja alikuwa ameanguka chini karibu na mashine. Bishar alishuka, akamfunga, wakavutwa pamoja. Karibu na juu, kingo za kisima zilikuwa zimezungushiwa bati zito la pipa, na mzigo ulikuwa wa watu wawili. Nilisikia tangi likikwaruza lile bati, sauti ndefu. Nilisikia kwa masikio yangu. Lakini mzee alikuwa anakohoa, yuko hai, wanawake wanalia na kumshukuru Mungu, na Bishar amekaa mchangani anacheka bila pumzi. Nikasahau. Nimelitafuta neno jingine la kuweka hapo, sikulipata.

Bishar alipeleka tangi nyumbani mchana huo huo. Kesho yake lilirudi stoo. Ubavuni mwa mfuko palikuwa na kiraka kipya, urefu wa kiganja, nyuzi zake bado nyeupe kwa sababu hazijashika moshi wala jasho. Kazi safi. Nilipitisha mkono juu yake. Palikuwa laini.

"Halima huyu," nikamwambia Bishar, "hata jeraha angelishona lisionekane."

"Ndiyo mke wangu huyo, seedi," akajibu. Alikuwa anatazama pembeni. Wakati ule nilidhani anaona haya kusifiwa mke.

Kisu kilikuwa mfukoni mwangu. Nilichukua daftari la matangi nikaandika "Sawa", nikatia sahihi.

Tulijazia nyuma ya stoo. Hatukuwa na kasha la chuma la kujazia, lile ambalo tangi likipasuka hulizuia. Tulikuwa na shimo lililozungushiwa mifuko ya mchanga, na ukuta mfupi wa matofali wa kumkinga anayeshika geji. Hewa hujazwa polepole, maana ikiharakishwa tangi hupata joto. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, mkono kwenye koki, macho kwenye geji. Sindano ilipita mia mbili. Bishar alikuwa na tabia ya kuinama na kuweka kiganja juu ya tangi kupima joto, kama mtu anayepima maziwa ya mtoto. Nilishamkataza. Nilifungua mdomo nimkataze tena.

Sitaeleza mlio. Waliokuwa sokoni walidhani ni bomu, wakafunga maduka. Ukuta ulisimama nusu. Mimi nilipoteza kusikia kwa sikio la kushoto, na hadi leo ukiniongelea upande huo nakutazama tu. Bishar alikufa pale pale. Nilimfikia nikitambaa, na kitu cha kwanza nilichookota kilikuwa kipande cha ule mfuko, na mshono wake haukuwa umefumuka.

Tulimzika siku hiyo hiyo kabla ya alasiri. Halima alikuwa na mimba ya miezi sita.

Mkaguzi alikuja kutoka Nairobi baada ya wiki, mtu mpole mwenye miwani. Alikusanya vipande, akavipanga juu ya turubai kama anayeunga chungu, akanionyesha mahali mpasuko ulipoanzia. Kilikuwa kipande cha ubavu. Nyuzi nyeusi nyingi zilikuwa zimekatwa mkato ulionyooka, ncha zake zimechafuka vumbi la zamani. Zile zilizopasuka siku ile zilikuwa safi, zimechanguka kama nywele.

"Hizi zilikatika kabla," alisema. "Zilizobaki zikabeba mzigo wa zote mpaka zikashindwa. Huu mfuko ulikuwa unavuliwa wakati wa ukaguzi?"

"Ulikuwa unavuliwa," nikasema.

Aliandika. Ripoti ilisema tangi liliharibika kwa matumizi magumu. Mkuu wa Hulugho alipewa barua, akaniambia kwa mdomo tu kwamba tangi lolote lisivikwe kitu tena. Hakuniuliza swali. Nadhani aliogopa jibu.

Kwa Halima nilikwenda siku ya arobaini. Nilimwambia tangi lilikuwa la zamani, kwamba matangi haya hupigwa mhuri wa miaka, na la Bishar lilikuwa limekaribia mwisho wa miaka yake. Mhuri upo kweli, lakini miaka ya tangi lile haikuwa imekaribia kwisha. Akasema, "Haye," yaani sawa, akaenda kumimina chai. Hakusuka tena haan tangu hapo. Nilidhani ni huzuni ya ujane, na nilishukuru kwamba angalau nimemkinga na lile lingine. Kwamba mfuko wake ndio uliofunika jeraha, hilo niliamua nizikwe nalo.

Nilirudishwa Garissa kuwa Mkuu wa Vifaa, cheo cha yule Mtaita wangu wa kwanza. Nilikishika miaka kumi na tisa. Nilikuwa mkali, na waliofanya kazi chini yangu watawaambia. Niliondoa hata stika za majina. Kijana mmoja alipaka tangi lake rangi nyekundu ya timu yake ya mpira. Nililiondoa kazini siku hiyo, nikalikata kwa msumeno mbele yake, maana rangi huficha na dawa ya kuitoa hula gundi. Alinuna mwezi mzima. Tangi lililoanguka, hata kwa urefu wa kiti, mwenye nalo alitakiwa kuniambia, na hakuna aliyeadhibiwa kwa kuniambia. Hilo nililisimamia kuliko yote. Nilimwandikia kila mkubwa aliyepita pale kwamba kituo kisitishiwe kufungwa kwa kupungukiwa tangi, kwa sababu ukimtisha mtu hivyo atakuficha, na si kwa ubaya. Mmoja alinijibu. Wengine waliweka barua faili.

Mwaka jana nikastaafu. Siku ya kuniaga walifunga turubai uani, wakaleta soda na sambusa, wakasema mambo mazuri ambayo nusu yake ni ya uongo. Halima alialikwa kama ndugu yangu. Binti yake, aliyezaliwa miezi mitatu baada ya Bishar kufa, alimleta kwa gari akaenda zake chuoni. Vijana walikuwa wameyapanga matangi mezani kwa ajili ya picha, meusi, yamefutwa. Halima alisimama mbele yake muda mrefu kuliko wageni wote. Nilimwona. Sikumkaribia.

Baada ya dua tulitembea pamoja kurudi nyumbani, yeye upande wa kulia kwa sababu anajua sikio langu.

"Abowe, yale matangi yako uchi," alisema.

"Ni kanuni."

"Tangu lini?"

Tulipita kwenye kibanda cha maziwa, akasalimiana na mwenyewe, akauliza habari za watoto, tukaendelea. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Siku ile aliponiletea mfuko umechanika, nilitia kidole ndani ya tundu. Nyuzi zile nyeusi zilikuwa zimesimama. Nikamwuliza, hizi je? Akasema, hizo ni za juu tu, lakini usimwambie kaka yako, atalikata tangi na kituo kitafungwa. Basi nikalowesha kidole, nikazilaza vizuri. Nikashona juu."

Nilisimama. Yeye hakusimama, ikabidi nimfuate.

"Ulipokuja ukaniambia tangi lilikuwa zee," akasema, "nikajua hujui. Nikasema nitakaa nalo mwenyewe, nisimtie kaka yangu uchungu zaidi."

Miaka kumi na tisa na zaidi, kila Idd, tumekula sahani moja, kila mmoja akimficha mwenzake kitu kile kile. Nikamwambia yote. Mlio wa bati kwenye kisima, kiraka, kiganja changu, neno nililoandika kwenye daftari, uongo niliomwambia mkaguzi na uongo niliomwambia yeye. Nikamwambia kwamba yeye hakusoma kazi ile, na Bishar alikuwa ametishwa, lakini mimi nilifundishwa tangu siku ya kwanza, na kisu nilikuwa nacho. Nililia njiani, mzee mzima, watu wakipita na mikokoteni ya maji.

Vijana mlioshika kazi hii, mkiniuliza nimejifunza nini, sina zaidi ya ile kanuni ya Mtaita. Nimewaandikia niliyoyafanya nayo. Niliona haya kukata mshono wa dada yangu.

Tulifika mlangoni kwake. Alitoa ufunguo, akakaa kidogo bila kufungua. Nilingoja aseme amenisamehe, au aseme ilikuwa kazi ya Mungu, kama watu wanavyosema. Hakusema hayo. Alinishika mkono wa kulia, akaugeuza, akatazama kiganja.

"Ungekata tu, abowe," alisema. "Ningeshona tena."